UZI: Rory Gallagher ndani ya studio, 1969 hadi 1990. Kujitayarishia albamu mwenyewe kulimjenga au kulimponza?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila mara jina la Rory Gallagher linapotajwa humu jukwaani, hatakosa kutokea mtu wa kusema kwamba Mwairishi huyo alikuwa moto mbele ya watu lakini albamu zake za studio hazina lolote, na kwamba anayetaka kumjua anunue Irish Tour '74, albamu yake ya jukwaani, kisha aishie hapo. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imekuwa kama kanuni. Mimi naiona ni nusu ya habari. Kati ya 1971 na 1990 Gallagher alitoa albamu 11 za studio kwa jina lake mwenyewe, ukiacha mbili alizozitoa kabla akiwa na bendi ya Taste, na katika zote 11 jina lake limeandikwa kwenye nafasi ya mtayarishaji, ama peke yake ama pamoja na mtu mwingine. Ni wapiga gitaa wachache wa roki ya bluzi wa kizazi chake walioshika usukani kwa muda mrefu hivyo. Nadhani uzuri na udhaifu wa kazi zake za studio vyote viwili vinatokana na uamuzi huo mmoja, na ndio ninaotaka tuujadili.

Kwa wasiomfahamu, nitasema kwa kifupi. Alizaliwa tarehe 2 Machi 1948 huko Ballyshannon, Ireland, akakulia Derry na baadaye Cork. Baba yake alikuwa mpiga akodiani. Akiwa na umri wa miaka 15 alinunua kwa mkopo, katika duka moja la Cork, gitaa aina ya Fender Stratocaster la mwaka 1961 lililokwisha kutumika, kwa bei ya takriban pauni 100, deni zito kwa kijana wa shule. Gitaa hilo ndilo analoonekana nalo karibu katika kila picha, rangi imebanduka hadi mbao zikabaki wazi. Alianza kupata riziki katika zile bendi za kumbi za dansi za Ireland ambazo kazi yake ilikuwa kuiga nyimbo zinazovuma, na mwaka 1966 akaunda Taste.

Taste ndipo penye chanzo cha hoja yangu. Albamu ya kwanza, iliyotoka 1969, ilisimamiwa na Tony Colton, na ile ya pili, On the Boards ya 1970, nayo vilevile. On the Boards ni albamu ya ajabu kidogo kwa kijana wa miaka 21, kwa kuwa humo Gallagher anashika saksafoni na kuupeleka muziki upande wa jazi bila kuomba radhi. Bendi ikapanda jukwaa la tamasha la Isle of Wight mwaka huohuo, umma ukawadai warudi tena na tena, na kabla mwaka haujaisha ikavunjika katikati ya ugomvi mkubwa kuhusu usimamizi na fedha. Kampuni ya Polydor ikatoa albamu mbili za jukwaani za Taste baada ya bendi kufa. Kijana aliyekuwa ameona kazi yake ikiuzwa na wengine, huku yeye hana kauli, aliamua kwamba kuanzia hapo kila kitu kitapita mikononi mwake na mwa ndugu yake Dónal, aliyekuja kuwa meneja wake. Ukilifahamu hilo, hutashangaa yaliyofuata.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Albamu ya kwanza kwa jina lake, Rory Gallagher, ilirekodiwa katika studio za Advision, London, na kutoka katikati ya 1971. Alikuwa na Gerry McAvoy kwenye besi na Wilgar Campbell kwenye ngoma, basi. Ni kazi nadhifu, na wimbo wa Laundromat unaoifungua ni mzuri, lakini inasikika kama mtu anayejihadhari asikosee. Kabla mwaka haujaisha akatoa ya pili, Deuce, na hapa naomba tutulie.

Deuce ilirekodiwa katika studio ndogo iitwayo Tangerine, mtaa wa Dalston, London. Gallagher aliitaka isikike tofauti na ile ya kwanza, kwa hiyo mara nyingi walirekodi muda mfupi kabla ya kwenda kupiga onyesho au mara baada ya kutoka, mikono ikiwa bado na joto la jukwaa. Hakutaka kurudiarudia. Matokeo yake ni sauti kavu, iliyobanana, ngoma ziko karibu kiasi cha kusikia mti ukigonga pembezoni, na gitaa halina pambo lolote. Wapo wanaosema imerekodiwa vibaya. Mimi nasema sikiliza Crest of a Wave, wimbo wa mwisho, uone anavyotelezesha kichupa juu ya nyuzi huku besi na ngoma zikimkimbiza, kisha uniambie mtayarishaji gani wa gharama angeacha mambo yaende kasi namna ile bila kusimamisha mkanda na kudai warudie.

Mwaka 1972 ukaja Live in Europe, albamu ya jukwaani iliyokusanywa kutoka maonyesho ya ziara ya Ulaya. Ilifika nafasi ya tisa katika chati za Uingereza, mafanikio ambayo hakuna albamu yake ya studio iliyoyafikia. Tangu hapo kampuni, waandishi na hata mashabiki wakaanza kuamini kwamba Gallagher wa kweli ni yule wa jukwaani tu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi mzito. Naomba kuuliza jambo moja. Kama alikuwa na kipaji hicho, na wasomaji wa gazeti la Melody Maker walimpigia kura mwaka 1971 kuwa mpiga gitaa bora, hata Eric Clapton akawa nyuma yake, imekuwaje asiwe na wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua? Clapton anazo nyimbo za namna hiyo, na hata wengine wenye uwezo mdogo kuliko wao wanazo. Isitoshe nimesoma kwamba aliitwa na Rolling Stones akawakatalia. Hilo lina ukweli?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hakuwa na wimbo wa kuvuma kwa sababu hakutaka kuwa nao. Aliikataa desturi ya kutoa singo, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake. Aliona kwamba wimbo ukishakatwa ili uingie katika dakika tatu za redio, umma utakuja ukumbini kuudai huo mmoja na kuzizibia masikio nyingine zote. Ni msimamo unaoheshimika, na ulimgharimu sana, hasa Marekani, ambako redio ndiyo iliyofungua milango.

Kuhusu Rolling Stones, ni kweli kwamba Januari 1975, baada ya mpiga gitaa wao Mick Taylor kujitoa, Gallagher alialikwa Rotterdam akapiga nao kwa siku kadhaa. Alikuwa na ziara ya Japani imekwisha kupangwa. Hakuna aliyempa jibu la wazi, naye siku ya safari ilipofika akabeba gitaa lake akaondoka. Kwa hiyo kusema aliwakatalia ni kuongeza chumvi. Muda ulikwisha na hakuna mkataba uliowekwa mezani. Binafsi siwezi kumwona mtu aliyekuwa akiamua mwenyewe hadi ngoma zisikike vipi akikaa kimya nyuma ya Keith Richards, mpiga gitaa wao mwingine, kwa miaka.

Nikiwa hapohapo kwenye kualikwa, kuna kazi ya studio ya kukumbukwa ambayo haikuwa yake. Desemba 1971 Muddy Waters, mwanabluzi mkongwe wa Marekani, alikuja London kurekodi na wanamuziki wa huko, na Gallagher alikuwa mmoja wao. Alikuwa na maonyesho yake mwenyewe siku zizo hizo, akawa anatoka jukwaani na kuendesha gari kurudi mjini ili awahi studio. Albamu hiyo, The London Muddy Waters Sessions, ilishinda tuzo ya Grammy. Msikilizeni humo anavyojizuia: anajaza nafasi zilizoachwa na sauti ya mzee, hamkatizi hata mara moja. Pale alikuwa chini ya mamlaka ya mtu mwingine, na alifanya vizuri mno. Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba alikuwa mtu asiyeweza kuongozwa.

Narudi kwenye mstari. Mwaka 1972 Campbell aliondoka kwenye ngoma, akaingia Rod de'Ath, na Lou Martin akaongezwa kwenye kinanda. Mwaka 1973 zikatoka mbili: Blueprint, ambayo sina mengi ya kuisemea, na Tattoo, ambayo kwangu ndiyo yenye utunzi uliokomaa kuliko zote za nusu ya kwanza. Tattoo'd Lady inahusu maisha ya watu wa viwanja vya maonyesho wasio na makazi, Cradle Rock ni ya kuvunja kuta, na A Million Miles Away ni wimbo wa mtu aliyekaa baa kando ya bahari, watu wamemzunguka na akili yake haipo.

Huo wa mwisho utumieni kama kipimo. Kwenye Tattoo una karibu dakika saba, na kinanda cha Martin kimepewa nafasi sawa na gitaa. Januari 1974 wakaurekodi tena katika ziara ya Ireland, iliyopita Belfast, Dublin na Cork, wakitumia studio ya kutembea iliyokuwa mali ya mwanamuziki Ronnie Lane. Toleo la Irish Tour '74 linapita dakika tisa. Tofauti kubwa iko katikati: Gallagher anaishusha bendi hadi iwe mnong'ono, kisha anacheza na vitufe vya sauti vya gitaa lenyewe, hakanyagi kifaa chochote sakafuni, mlio unafunguka na kufumbwa mpaka noti zinasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Jambo hilo lisingetokea jukwaani kama wimbo haungekuwa umejengwa kwanza studio, ukiwa na mapito yale ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) yanayomruhusu kukaa mahali pamoja bila kuchosha. Anayesema ruka Tattoo ununue Irish Tour anakula tunda na kuudharau mti.

Naongeza kidogo kuhusu Belfast. Hiyo ilikuwa miaka ya mabomu na mapigano, wasanii wengi wa nje walikuwa wameufuta mji huo kwenye ratiba zao, naye aliendelea kwenda kupiga Ulster Hall. Kelele za wasikilizaji mnazozisikia kwenye albamu ile zina sababu.

Mchangiaji wa pili

Samahani mkuu, hoja yako naielewa lakini Calling Card inakupinga. Hiyo ndiyo albamu yake ya studio inayosikika vizuri kuliko zote, na ndiyo aliyokubali kumshirikisha mtayarishaji kutoka nje, Roger Glover wa Deep Purple. Besi ina uzito, kinanda kinapumua, sauti yake ya kuimba haijafunikwa. Je, hiyo haithibitishi kwamba miaka yote mingine alikuwa anajinyima msaada aliouhitaji?

Mwanzisha uzi

Hoja nzito, na nilikuwa nikiisubiri.

Tuanzie mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1975 alihamia kampuni ya Chrysalis na kutoa Against the Grain, akiwa ameisimamia mwenyewe. Humo kuna Out on the Western Plain, wimbo wa Lead Belly, mwanabluzi wa Marekani, ambao anaupiga peke yake kwa gitaa lisilo la umeme. Amezishusha nyuzi tatu, ya sita, ya pili na ya kwanza, toni moja kila moja, mtindo uliokuwa ukitumiwa na wapigaji wa nyimbo za kimapokeo wa Uingereza. Kwa hiyo wimbo wa mchunga ng'ombe wa Marekani unapigwa kwa mlio unaokaribia muziki wa asili wa Ireland, na nyuzi zilizoachwa wazi zinavuma chini ya sauti yake mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtayarishaji aliyemwambia afanye hivyo, na nina shaka kama yupo ambaye angemwambia.

Calling Card ya 1976, iliyorekodiwa Munich, nakubaliana nawe kwamba inasikika vizuri, na kwamba Glover alileta mpangilio. Nyimbo kama Moonchild na Edged in Blue zina umbo la wazi kuliko alivyozoea. Lakini tazameni kilichofuata, kwa maana ndicho kisa kikubwa kuliko vyote katika maisha yake ya kurekodi.

Mwishoni mwa 1977 Gallagher na bendi yake walikwenda San Francisco kurekodi na Elliot Mazer, mtu aliyekuwa ameitayarisha Harvest ya Neil Young. Huyu alikuwa mtayarishaji hasa, mwenye jina na mwenye taratibu zake. Walirekodi albamu nzima. Kadiri kazi ya kuchanganya sauti ilivyosonga, ndivyo Gallagher alivyozidi kutoridhika. Alihisi vyombo vimelundikana na bluzi yake imepigwa pasi. Tarehe 14 Januari 1978 akaenda ukumbi wa Winterland kuwatazama Sex Pistols, bendi ya panki ya Uingereza, katika onyesho lililokuwa la mwisho la ziara yao ya Marekani, bendi ikavunjika siku chache baadaye. Ule ukali usio na mapambo ulimgusa, si kwa sababu alitaka kuwa mtu wa panki, bali kwa sababu ulimkumbusha kile alichokuwa akikipoteza. Albamu, ambayo kampuni ilikuwa ikiisubiri kwa hamu, akaitupilia mbali. Kana kwamba haitoshi, akajibana kidole gumba na mlango wa gari, akawa hawezi hata kupiga. Baadaye akaachana na de'Ath na Martin, akabaki na McAvoy, akamwita Ted McKenna kwenye ngoma, wakaenda karibu na Cologne, Ujerumani, kuzirekodi upya nyimbo kadhaa zilezile pamoja na mpya. Hiyo ndiyo Photo-Finish ya 1978.

Je, aliamua sawa? Tunaweza kujibu sasa kwa kuwa mwaka 2011 familia ilitoa mikanda ya Mazer kwa jina la Notes from San Francisco. Nimezipitia zote mbili, wimbo kwa wimbo. Toleo la Mazer lina fidla ya umeme na saksafoni hapa na pale, na si baya. Nyimbo mbili tatu zina upole ambao Photo-Finish haina. Lakini chukueni Mississippi Sheiks. Kwenye Photo-Finish gitaa liko mbele, ngoma za McKenna zinasukuma kama zina deni la kulipa, na ule wimbo wa kuwaenzi wanabluzi wa miaka ya 1930 unakuwa na njaa inayostahili. Kwa Mazer umeshiba. Nasema aliamua sawa kwa wimbo huo, na ninasitasita kwa Fuel to the Fire, ambao ulihitaji nafasi zaidi kuliko aliyoipa.

Hasara yenyewe haikuwa sauti. Ilikuwa muda na imani. Kampuni ya Marekani haikuwa tayari kuweka fedha nyingi nyuma ya mtu asiyetoa singo na anayetupa albamu iliyokwisha kulipiwa.

Miaka ya baadaye nitaipitia haraka. Top Priority ya 1979 ni ngumu na ya kelele, nzuri kwa safari ndefu. Stage Struck ya 1980 ni ya jukwaani na ndiyo dhaifu kuliko zote za aina hiyo, kwa kuwa kila kitu kinapigwa kwa nguvu ileile. Jinx ilitoka 1982, na hapo pakafuata kimya cha miaka mitano. Aliporudi na Defender, 1987, ilikuwa chini ya lebo yake mwenyewe, Capo, yaani sasa hata kampuni ilikuwa mkononi mwake. Ndipo upande wa hasara wa kujisimamia ulipojitokeza wazi. Alikuwa akishuku kila mchanganyo wa sauti, anarudia na kurudia, yule kijana wa Deuce aliyemaliza wimbo kabla ya kukimbilia ukumbini hayupo tena. Fresh Evidence ya 1990 ilichukua karibu nusu mwaka kuikamilisha. Hata hivyo ni albamu ninayoipenda sana: ina akodiani katika King of Zydeco, wimbo wa kumuenzi Clifton Chenier wa Louisiana, ina upepo wa nje katika vyumba vyake, na Ghost Blues ina uchovu ambao hauigizwi. Afya yake ilikuwa imezorota, kwa pombe na kwa dawa alizokuwa akiandikiwa kwa ajili ya hofu ya kupanda ndege. Mwaka 1991 McAvoy, baada ya miaka 20 pamoja naye, aliondoka. Gallagher alifariki London tarehe 14 Juni 1995, baada ya kupandikizwa ini, akiwa na miaka 47. Hakuacha albamu nyingine ya studio baada ya Fresh Evidence.

Mchangiaji wa tatu

Mwalimu, tupe basi njia ya kuingilia kwa sisi wageni, maana albamu ni nyingi na zilizotoka baada ya kifo chake zinaelekea kuwa nyingi zaidi. Pia nimeona habari za gitaa lake kuuzwa mnadani kwa fedha za kutisha.

Mwanzisha uzi

Gitaa liliuzwa London Oktoba 2024 kwa zaidi ya pauni 880,000 na likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Tuliache huko, lina mijadala yake mingine humu.

Kwa anayeanza, ningesema asikilize Tattoo, kisha Irish Tour '74 mara tu baada yake, bila kuweka kitu katikati. Akimaliza hizo, Deuce. Zikimkolea, ndipo aende Calling Card na Photo-Finish. Fresh Evidence aiache mwisho, kwa sababu inahitaji uwe umekwisha kumjua. Kati ya zilizotoka baadaye, chukueni BBC Sessions ya 1999, ambako bendi ilirekodi redioni bila muda wa kuhangaika na mapambo, na Wheels Within Wheels ya 2003, iliyokusanya kazi zake zisizo za umeme. Nyingine nyingi ni za mashabiki walioshiba tayari na bado wanataka kuongezewa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimekwenda kuisikiliza tena Deuce kama ulivyosema. Kasi naikubali, upigaji naukubali. Lakini ile besi haisikiki ipasavyo, na sitabadili neno hilo. McAvoy alistahili fundi sauti bora zaidi.

Mwanzisha uzi

Jaribu kuisikiliza kwenye spika kubwa, si kwenye simu, kisha urudi tuendelee kubishana. Calling Card naweza kukuachia, Deuce sikuachii.